Simu Inalia, Sauti Haipiti: Historia ya Poti 5060 na Jirani Zake

Kama umewahi kufunga swichibodi ya ofisi inayotumia intaneti, ugonjwa huu unaujua. Mteja anapiga, simu ya mezani inalia vizuri, dada wa mapokezi anainua: "Halo?" Kimya. Au mbaya zaidi, yeye anamsikia mteja lakini mteja hamsikii, na kila mmoja anazidi kupaza sauti kana kwamba shida iko masikioni. Fundi anaitwa. Jambo la kwanza anafungua poti 5060 kwenye fayawoli. Simu inalia tena. Kimya tena.

Sababu ni kwamba poti 5060 haibebi sauti ya mtu. Inabeba mazungumzo ya mashine tu: fulani anamtafuta fulani, simu inalia, amepokea, amekata. Sauti yenyewe inapita mlango mwingine kabisa, na namba ya mlango huo inabadilika kila simu. Nani aliamua hivyo, na kwa nini? Leo tuweke msimbo kando tuzungumze historia, wajameni, maana jibu hili halimo katika mwongozo wa seva yoyote niliyowahi kufunga.

Hebu turudi nyuma kabla ya intaneti. Mitambo ya simu ya Marekani ilikuwa ikipeana amri kwa milio, ndani ya laini ile ile iliyobeba sauti za watu. Mlio wa hezi 2600 ulimaanisha kwamba laini ya masafa marefu iko huru. Kasoro yake unaiona mara moja: yeyote anayeweza kutoa mlio huo anaweza kuuamuru mtambo. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 vijana walifanya hivyo hasa, wengine kwa mluzi wa mdomo, wengine kwa filimbi ya kuchezea iliyotiwa kama zawadi ndani ya pakiti za Cap'n Crunch, wengine kwa kijisanduku cha elektroniki. Steve Wozniak na Steve Jobs walitengeneza na kuuza vijisanduku hivyo kabla ya kuanzisha Apple. Kampuni ya Bell ilianza mwaka 1976 kuhamishia amri kwenye njia ya pembeni, na mwaka 1980 ukaja mfumo wa kimataifa wa SS7 wenye wazo lilo hilo. Sauti kwenye njia yake, amri kwenye njia yake. Ukipiga mluzi kwenye simu, unamsumbua tu unayeongea naye.

Watu wa intaneti walifikia utengano huo huo, ila kwa njia nyingine. Mwaka 1974 watafiti wa ISI kule California na maabara ya Lincoln ya MIT kule Massachusetts walizungumza kwa sauti kupitia ARPANET. Walichogundua mapema ni kwamba sauti haina subira. Faili ni kama barua: ikichelewa bado inasomeka. Sauti ni kama maziwa ya chai ya asubuhi: yakifika saa kumi jioni yameshaganda. Pakiti ya sauti ikipotea, afadhali uiache ipotee, sikio litavumilia mkwaruzo mdogo. Ukisimamisha kila kitu ili itumwe upya, mazungumzo yanakwama.

Sasa TCP ya wakati huo ilikuwa kitu kimoja kizima, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila kipande kinafika, kwa mpangilio, hata kama ni kwa kuchelewa. Danny Cohen wa ISI alikuwa mmoja wa waliopinga jambo hilo kwa ajili ya sauti. Mwaka 1978 TCP ikakatwa vipande viwili, IP chini na TCP juu, na pembeni ikawekwa nafasi ya kitu chepesi kisichongoja mtu. Agosti 1980 Jon Postel akaandika UDP, waraka wa kurasa tatu tu. Fikiria hilo: umbo la intaneti tunayotumia kupakua picha na kulipia bili lilichongwa kwa sehemu na watu waliotaka kupiga simu.

UDP peke yake haitoshi. Pakiti zinaweza kufika zimepishana, na hujui ipi ilisemwa kwanza. RTP, iliyotoka Januari 1996 chini ya Henning Schulzrinne na wenzake watatu, iliongeza baiti 12 mbele ya kila kipande cha sauti: namba ya mfuatano, alama ya wakati, na aina ya kodeki. Haikupewa poti moja maalumu. Desturi ikawa sauti ichukue namba shufwa, na poti inayofuata, ile witiri, ichukuliwe na RTCP inayoripoti pakiti ngapi zimepotea.

Kwa nini isipewe poti moja kama wavuti ilivyopewa 80? Hapa watu wengi wanawalaumu wabunifu bure. RTP haikuzaliwa kwa ajili ya swichibodi. Ilizaliwa katika mazingira ya matangazo ya mikutano, kama kikao cha IETF cha San Diego cha Machi 1992 ambacho sauti yake ilirushwa kwa watu wengi kwa pamoja mtandaoni. Katika hali hiyo unatangaza: mkutano fulani uko kwenye anwani hii, poti hii, kodeki hii, anayetaka ajiunge. Tangazo hilo likapata muundo wake rasmi Aprili 1998, nao ni SDP. SIP ilipotoka Machi 1999 ikaazima tangazo hilo hilo na kulitia ndani ya ujumbe wake wa kupiga simu. Ukinasa mawasiliano ya swichibodi yako leo utaona mistari kama hii:

c=IN IP4 192.168.1.20
m=audio 10460 RTP/AVP 8 0 18

Maana yake: nileteeni sauti kwenye anwani 192.168.1.20, poti 10460, na ninaelewa kodeki namba 8, 0 na 18, kwa mpangilio huo wa upendeleo. Upande wa pili unajibu kwa tangazo lake. Baada ya hapo poti 5060 inakaa kimya, na sauti inaanza kutiririka kwingine.

(SIP haikuwa ya kwanza. ITU ilikuwa na H.323 tangu 1996, ambayo NetMeeting ya Microsoft iliitumia. Ilianzia poti 1720, kisha ikafungua poti ya pili kwa majadiliano, kisha nyingine kwa sauti, na yote kwa lugha ya mashine isiyosomeka kwa macho. SIP ilikuwa maandishi matupu kama ya wavuti. Mtu wa programu akiona ujumbe anaoweza kuusoma, ameshachagua upande.)

Utengano huu una faida ya kweli, na inafaa tuiseme kabla ya kulalamika. Chukua kampuni yenye seva Nairobi na matawi Kisumu na Eldoret. Kisumu ikipigia Eldoret, amri zinapita kwa seva ya Nairobi, lakini sauti inaweza kwenda moja kwa moja kati ya matawi mawili bila kuzunguka mji mkuu. Seva ndogo inasimamia simu nyingi kwa sababu haibebi sauti yake.

Lakini angalia tena ile anwani, 192.168.1.20. Hiyo ni anwani ya ndani ya ofisi, haijulikani nje. Mei 1994 ulitoka waraka uliopendekeza NAT, ujanja wa kuficha kompyuta nyingi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa sababu anwani za intaneti zilikuwa zinaelekea kuisha. Ulikuwa ni ujanja wa muda tu. Sote tunajua mambo ya muda yanavyokaa.

Mfano wake ni ploti yenye vyumba ishirini na keateka mmoja getini. Barua ikitoka, keateka anafuta jina la chumba juu ya bahasha na kuandika anwani ya ploti. Jibu likija anakumbuka nani alituma. Kazi inakwenda vizuri. Ila SIP inaandika "niletee sauti chumba cha saba" ndani ya barua, sio juu ya bahasha. Keateka hafungui barua. Aliye nje anaisoma, anatafuta chumba cha saba pasipo ploti, na sauti yake inapotelea hewani. Wewe unayepiga kutoka ndani unamfikishia yeye sauti, kwa sababu yako inatoka nje na anwani yake inajulikana. Ndiyo maana kimya huwa cha upande mmoja. Watengeneza ruta wakaja na keateka anayefungua barua na kusahihisha, SIP ALG, na kwa uzoefu wa mafundi wengi huyo husahihisha vibaya kuliko kuacha. Ushauri wa kwanza kwa mwenye swichibodi huwa ni kumzima.

Huku kwetu tatizo lilikuwa na tabaka jingine, la sheria na la setilaiti. Telkom Kenya ilipotenganishwa na shirika la posta mwaka 1999 ilipewa miaka mitano ya kuwa peke yake kwenye lango la kimataifa, hadi Juni 2004. Kampuni za intaneti zilipofungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, mwishoni mwa mwaka 2000, Telkom ililalamika na mdhibiti, CCK, akakifunga baada ya wiki chache. Kilirudi Februari 2002. Katika hali hiyo, kupiga simu ya kimataifa kupitia intaneti lilikuwa jambo la kufanywa kimyakimya saiba. Ruhusa ilikuja baada ya miaka ile mitano kwisha.

Nasi hatukuwa peke yetu. Huko Marekani kwenyewe, kampuni ya Madison River ya North Carolina ilizuia poti za VoIP ili wateja wake wasitumie Vonage, na Machi 2005 ikakubali kulipa dola 15,000 kwa tume ya FCC na kuacha. Poti inayojulikana na wote inamsaidia anayekutafuta, na inamsaidia vile vile anayetaka kukuziba. Skype, iliyoanza 2003 na kufungwa Mei 2025, ilielewa hilo. Poti moja ikizibwa ilijaribu nyingine, hadi 80 na 443 za wavuti, ambazo hakuna anayethubutu kuzifunga.

Hata baada ya ruhusa, hesabu ilikuwa ngumu. Tuipige. Kodeki ya G.711, ya mwaka 1972, inapima sauti mara 8000 kwa sekunde, biti nane kila mara, yaani kilobiti 64 kwa sekunde. Ina lahaja mbili: ile ya Marekani na Japani ni namba 0 katika tangazo tuliloona juu, na ile ya Ulaya, ambayo Kenya pia huitumia, ni namba 8. Ukikata sauti vipande vya milisekunde 20, kila kipande ni baiti 160. Ongeza 12 za RTP, 8 za UDP, 20 za IP: jumla 200, mara 50 kwa sekunde. Hiyo ni kilobiti 80 kila upande. Ofisi yenye laini ya setilaiti ya kilobiti 128 ina nafasi ya simu moja, basi.

Kodeki namba 18, G.729 ya mwaka 1996, inabana sauti hadi kilobiti 8. Kipande chake ni baiti 20 tu, lakini bahasha ni zile zile 40. Jumla kilobiti 24, simu tano kwenye laini ile ile. Angalia ujinga uliomo humo: theluthi mbili ya kinachosafiri ni bahasha. Tena G.729 ilikuwa na hataza, na hadi ulinzi wake ulipokwisha mwaka 2017, kampuni ya Digium iliuza leseni yake kwa Asterisk dola 10 kwa kila simu ya wakati mmoja. Juu ya hayo, setilaiti iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo kupanda na kushuka tu ni kama milisekunde 240. ITU inapendekeza isizidi 150. Aliyewahi kuongea hivyo anakumbuka: unasema, unangoja, mnaanza pamoja, mnanyamaza pamoja. Mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Mombasa Julai 2009, ndipo jambo hilo lilipokoma kwa ofisi nyingi za hapa.

Nimeitaja Asterisk. Ilianza 1999 kwa Mark Spencer, kijana wa Alabama aliyekuwa na kampuni ndogo ya kusaidia watumiaji wa Linux. Alihitaji swichibodi, bei ikamshinda, akaandika yake na kuitoa kama programu huria. Toleo la 1.0 lilifika Septemba 2004. Kwa ofisi zenye bajeti kama za kwetu ilikuwa sawa na mvua baada ya kiangazi: kompyuta kuukuu, kadi moja ya simu, na unayo swichibodi ambayo zamani ungeinunua kwa bei ya gari.

Ndani ya Asterisk, Spencer aliweka itifaki yake mwenyewe, IAX, ambayo toleo lake la pili linatumia poti moja tu, 4569 ya UDP. Amri na sauti, vyote humo. Hakuna tangazo la anwani ndani ya barua, kwa hiyo keateka hana la kukosea: kilichotoka kwa mlango huu kinarudi kwa mlango huu. Bahasha ya kila kipande cha sauti ni baiti 4 badala ya 12 za RTP. Na ofisi mbili zikiwa na simu nyingi kati yao, IAX inazipakia zote katika pakiti moja. Simu kumi za G.729 ambazo kwa RTP zilidai kilobiti 240 zinashuka hadi 110 hivi. Wengi wanaoandika historia hii wanaipa IAX aya moja, kama kituko. Kwa maoni yangu, kwa nchi za setilaiti na ruta za bei rahisi, hilo ndilo lilikuwa jibu lililoelewa swali.

Mbona basi haikushinda? Watengenezaji wa simu za mezani walikuwa wameshajifunga kwa SIP, na ni wachache mno walioitia IAX. Kampuni kubwa za simu hazikutaka itifaki iliyotoka kwa programu moja, na waraka wake ulitolewa rasmi mwaka 2010 tu, baada ya harusi kuisha. Pia kuunganisha kila kitu kuna gharama yake. Sauti inafuata njia ya amri, kwa hiyo ule ujanja wa Kisumu na Eldoret unakuwa mgumu zaidi. Na namba ya kutambulisha simu ina biti 15, yaani nafasi 32,768. Mwaka 2009 Asterisk ilibidi itoe onyo na marekebisho, kwa kuwa adui angeweza kuzijaza zote kwa maombi ya uongo na kuifungia seva nzima.

Adui huyo hakuwa wa kufikirika. Mwaka 2007 Sandro Gauci alitoa SIPVicious, zana ya kukagua usalama wa swichibodi. Kama kawaida, wezi waliipenda kuliko wakaguzi. Weka seva mpya mtandaoni na poti 5060 wazi, kisha tazama kumbukumbu zake: muda si mrefu utaona wageni wanaobahatisha namba za ndani, 100, 101, 102, wengi wakijitambulisha kwa jina la friendly-scanner ambalo zana hiyo huja nalo. Wakipata nywila dhaifu wanapiga namba za kulipia za nchi za mbali usiku kucha, nao wanagawana malipo. Bili inakuja kwa mwenye ofisi. Kutenganisha amri na sauti kuliwazuia wapiga mluzi wa 2600 kwa sababu njia ya amri ilifichwa ndani ya kampuni ya simu. SIP iliurudisha utengano huo, lakini mlango wa amri ukaachwa barabarani.

Walioshika SIP walitumia muongo mzima kutibu kile kimya. Machi 2003 ikaja STUN, poti 3478, ambako simu inamuuliza mtu wa nje, "Mimi naonekana kwa anwani gani?", kisha inaandika jibu hilo ndani ya barua. Haikutosha kwa kila ruta. Mwaka 2010 zikaja TURN, ambayo inapitisha sauti kwa seva ya katikati, na ICE, ambayo inajaribu njia zote na kuchagua inayofanya kazi. Mwaka huo huo RTP na RTCP ziliruhusiwa rasmi kutumia poti moja. Google ilipofungua msimbo wa WebRTC mwaka 2011, ikaja na hayo yote, na kodeki ya Opus, huria na bila malipo, ikasanifishwa Septemba 2012. Kanuni za WebRTC zilipokamilika Januari 2021, zilimo pia za kubeba sauti na picha zote kwenye poti moja.

Poti moja! Kwa bahasha nzito zaidi na kurasa za waraka zisizohesabika, wakubwa walifika karibu na pale kijana wa Alabama alipokuwa. Microsoft nao, walioanza na Live Communications Server 2003 wakapita OCS, Lync na Skype for Business, sasa katika Teams wanakuomba ufungue poti nne tu za UDP kuelekea kwao, 3478 hadi 3481.

Swichibodi ya ofisini bado iko mahali pake, kwa sababu kampuni zinazokuuzia laini za SIP bado zinazungumza 5060 na RTP kama mwaka 2002. Chan_sip ya Asterisk iliondolewa katika toleo la 21, Oktoba 2023, baada ya pjsip kuchukua nafasi yake. Chan_iax2 bado imo. Mfano wa rtp.conf bado unatoa poti 10000 hadi 20000, na mafundi wengi wanazifungua zote elfu kumi bila kuuliza. Simu moja inayopita kwa seva ina pande mbili, kila upande unachukua poti mbili, jumla nne. Ofisi yenye simu 30 kwa wakati mmoja inahitaji 120. Andika rtpstart=10000 na rtpend=10199, fungua hizo mia mbili kwa anwani ya anayekuuzia laini peke yake, na 5060 vivyo hivyo.